Nyumba Bila Ardhi: Mji Mdogo na Uadilifu wa Makazi

Uadilifu wa kijamii katika upangaji wa miji hautoshi kuelezwa kuwa ni kumgawia kila mkaazi kipimo kilekile, kwa maana mgawo ulio sawa unaweza kumwacha mnyonge mahali palepale alipokuwa. Uadilifu huanza pale mpangaji wa mji anapouliza ni nani atakayebeba gharama za mpango na ni nani atakayechuma thamani inayozaliwa na mpango huo. Swali la pili ndilo zito zaidi. Halmashauri inapochonga barabara, kuvuta maji na kutoa hati za viwanja katika mtaa wa vibanda, bei ya kiwanja hupanda kabla mfereji wa kwanza haujafunguliwa, mwenye kipato kidogo hushawishika kuuza, mnunuzi hujenga vyumba vya kupangisha kwa kodi kubwa, na yule aliyekusudiwa kusaidiwa huenda kujenga kibanda kingine pembezoni mwa mji.

Hatari hiyo ilikabiliwa kwa namna ya pekee mjini Voi, mji uliokua kando ya reli ya Mombasa na mashamba ya mkonge. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mradi wa maendeleo ya miji midogo uliosaidiwa na shirika la Ujerumani la GTZ, wakaazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni, waliokuwa wamejenga juu ya ardhi ya serikali, ya shirika la reli na ya shamba la mkonge, walielezwa aina mbalimbali za umiliki, ikiwemo hati ya mtu mmoja mmoja na umiliki wa ushirika. Walichagua amana ya ardhi ya jamii, yaani mfumo ambao ardhi yote hushikwa na wadhamini kwa niaba ya wakaazi na haiuzwi, ilhali kila mwanachama humiliki nyumba yake, huirithisha, na akihama hulipwa thamani ya jengo bila ya kiwanja.

Kwa msomaji wa pwani, kutenganisha nyumba na ardhi si jambo geni. Katika mitaa ya zamani ya Mombasa, mtu alijenga nyumba yake ya fito na udongo, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, juu ya kiwanja cha mwingine, akamlipa mwenye ardhi kodi ya kila mwezi. Nyumba ikawa yake kwelikweli, lakini kiwanja kilipopanda bei, ni mwenye ardhi aliyekuwa na neno la mwisho. Voi ilichukua utengano huohuo na kumbadilisha mwenye ardhi tu, na badiliko hilo moja ndilo lililogeuza udhaifu wa mwenye nyumba kuwa kinga yake.

Sheria ya Kenya ya wakati huo haikuwa na chombo cha namna hiyo, hivyo iliwalazimu wahusika kuunganisha viwili: chama kilichosajiliwa, chenye wanachama na mikutano, na bodi ya wadhamini yenye kushika ardhi. Mfumo wenyewe ulizaliwa Marekani, jimbo la Georgia, mwaka 1969, miongoni mwa wakulima weusi waliokuwa wakifukuzwa mashambani, kisha ukachukuliwa na Burlington, mji wa Vermont wenye watu wapatao 40,000. Huko, anayeuza nyumba hurudishiwa alichokilipa pamoja na robo ya ongezeko la thamani. Ikiwa nyumba imepanda kwa dola 40,000, muuzaji huondoka na 10,000, na 30,000 zinazobaki humpunguzia bei mnunuzi anayefuata. Robo hiyo ni ndogo, na mwenye kuitegemea kununua nyumba nje ya amana huenda asiweze. Lakini bila mpaka huo, nyumba ingekuwa nafuu kwa familia moja tu.

Palipo pagumu zaidi ni benki. Mwanachama wa Voi anayetaka kubadilisha ukuta wa udongo kuwa wa matofali hawezi kuweka rehani ardhi isiyo yake, na ndiyo sababu hati ya mtu mmoja mmoja iliendelea kuwavutia wengi. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na amana peke yake, bali na halmashauri iliyo tayari kutenga fedha mapema, kama baraza la Burlington lilivyotoa dola 200,000 za kuanzisha amana yake mwaka 1984.