Mkunga na Dakika ya Kwanza



Katika nyumba ya kuzalia hakuna kimya kizito kushinda kimya cha mtoto aliyezaliwa asilie. Mama auliza kwa macho, na mkunga hana nafasi ya kufungua kitabu. Katika kila watoto 100 wazaliwao, kati ya 5 na 10 huhitaji kusaidiwa ndipo waanze kuvuta pumzi. Wengi wao huamka kwa kukaushwa na kusuguliwa mgongo. Wachache wasioamka hapana budi watiwe hewa mapafuni kwa mfuko na barakoa kabla ya kupita dakika moja. Waalimu wa kazi hiyo wameiita "dakika ya dhahabu."

Basi mkunga atajifunzia wapi? Akijifunzia juu ya mtoto wa watu, kosa lake la kwanza laweza kuwa msiba wa nyumba nzima. Ndiyo sababu ikatafutwa njia ya mwanafunzi kukosea pasipo kumdhuru mtu.

Njia hiyo si ya jana. Katika karne ya 18, Bibi du Coudray, mkunga wa Ufaransa, alitengeneza kwa nguo na ngozi sanamu ya kiuno cha mama pamoja na mtoto wake. Mwaka 1759 Mfalme Louis wa 15 alimpa idhini, naye akazunguka nchi kwa miaka mingi akiwafundisha wanawake wa mashamba. Mwaka 1960 Asmund Laerdal wa Stavanger, Norwe, aliyekuwa mtengenezaji wa wanasesere, alitoa sanamu ya kufundishia namna ya kumpulizia pumzi mtu aliyezimia. Kampuni yake ndiyo iliyomtengeneza baadaye mwanasesere wa mtoto mchanga, NeoNatalie. Huyu hujazwa maji ya vuguvugu, akawa na uzito kama wa mtoto. Mkufunzi akibinya kipira, mtoto hulia. Mwanafunzi akitia hewa sawasawa, kifua huinuka. Asipoibana barakoa vema, kifua hakiinuki, naye hulijua kosa lake papo hapo.

Mwaka 2010 wakunga wa hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, walifundishwa kwa mwanasesere huyo kwa muda wa siku moja. Baada ya miezi 7 walipimwa tena. Mbele ya mwanasesere walifanya vizuri kuliko zamani. Lakini kwa watoto wenyewe kazi haikubadilika, wala vifo havikupungua. Jambo hili lataka kufikiriwa sana. Mafunzo hayakuwa ya bure, maana walikwisha kujua. Ila ujuzi wa siku moja hukaa kichwani, na mtoto asiyepumua huhitaji ujuzi ulioshuka mkononi.

Hospitali haikukata tamaa. Yaliwekwa mazoezi mafupi papo hapo kazini, dakika 3 hadi 5 kila juma, na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Ndipo vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza viliposhuka kutoka 11 hivi katika kila watoto 1,000 hadi 7 hivi. Mpango mwingine uliofuata katika hospitali na vituo 30 vya mikoa 5 ya Tanzania ulijengwa juu ya msingi huo huo wa kurudia mara kwa mara. Na matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2025, yalionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga na vya akina mama vilipungua sana.

Mtoto wa chuoni hahifadhi sura kwa kuisoma mara moja, na hakuna amshangaaye kwa kuirudia. Kadhalika mkunga asionewe haya kwa kucheza na mwanasesere wakati chumba kimetulia. Mchezo huo ni kazi. Walio katika kamati za zahanati na hospitali, wakipenda kujua hali ya wakunga wao, wasitosheke na kuuliza kama walikwenda mafunzoni, wala kuhesabu wanasesere waliofungiwa kabatini. Waulize: mazoezi ya mwisho yalifanywa lini? Jibu likiwa "juma hili," mama aendaye kujifungua usiku ana haki ya kutumaini.