Tahadhari ya Betri: Hotuba ya Mkaguzi wa Ushirika, Simbo



Betri za lithiamu zinazowasha taa za wavuvi wa dagaa na za maghala yetu zina kimiminika ndani. Zikitobolewa au zikichajiwa kupita kiasi, kimiminika hicho huweza kulipuka moto. Mwaka 1978 mtaalamu Mfaransa, Michel Armand, alipendekeza mahali pake pawekwe polima, yaani plastiki iliyochanganywa na chumvi ya lithiamu. Polima haivuji, ila huhitaji joto la nyuzi 60 hivi ili ifanye kazi vema.

Jina "polima" kwenye betri za dukani lisituhadae: nyingi bado zina kimiminika. Basi tusizichaji penye mafuta ya mawese, na iliyovimba isitumike tena. Mali ya chama ni amana.