Roboti Haijui Kuchuchumaa



Nimeombwa nizungumzie akili mnemba na roboti katika fiziotherapia. Wapo waliokuja wakitarajia habari za mikono ya chuma, na nitaifikia. Kwanza niwape namba ndogo: 32.

Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake walichapisha utafiti ambao ndani yake walikaa kwenye vyumba vya mazoezi na kuhesabu tu. Mgonjwa wa kiharusi anautumia mara ngapi mkono uliopooza kufanya jambo lenye maana, tuseme kushika kikombe au kufungua kifuniko? Kwa wastani ilikuwa mara 32 kwa kipindi kimoja. Ilhali wanyama wa maabara, ambao kwao ndiko tulikojifunza kwamba ubongo ulioumia unaweza kujipanga upya, walikuwa wakirudia kitendo mamia ya mara kwa siku. Wataalamu wetu hawakuwa wavivu. Muda ulikuwa mfupi na mikono ilikuwa michache.

Hapo ndipo roboti ilipopata kibarua. Chuo cha MIT cha Marekani kilitengeneza MIT-Manus, mkono wa mashine unaoushika mkono wa mgonjwa na kuuongoza mezani. Uswisi ikaleta Lokomat, inayomning'iniza mgonjwa kwa mikanda huku mota zikimsogeza miguu hatua kwa hatua. Mashine haichoki wala haiendi chai.

Waingereza wakaamua kuipima ahadi hiyo. Jaribio lao la RATULS, lililochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019, lilikuwa na wagonjwa 770 katika vituo vinne. Waliofanyishwa mazoezi na roboti hawakuweza kuutumia mkono vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mkono wenyewe ulisogea vizuri zaidi kidogo, ila nafuu hiyo haikufika kwenye kuvaa shati wala kula. Mtu anayejifunza kusukuma kishikio cha mashine anakuwa hodari wa kusukuma kishikio cha mashine. Nasema hivi kwa sababu muuza mitambo hakosi picha nzuri, na viongozi wetu hupenda kukata utepe.

Turudi nyumbani. Mkoa wetu wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Mgonjwa wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, yuko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa Mpanda tulipo. Kiharusi kikimwangusha, nauli ya kuja Mpanda ni ya watu wawili, maana hawezi kupanda gari peke yake. Atakuja mara ya kwanza na ya pili. Baada ya hapo, mvua zikianza na shamba likiita, hatumwoni tena. Tukimwekea roboti ya mamia ya maelfu ya dola mjini, bado atakuwa Karema. Mazoezi yanayomfaa ni yale yatakayorudiwa kule kule anakolala, mara nyingi, kila siku.

Kwa hiyo mashine ninayoitetea mbele yenu ni simu. Mwaka 2020 Google ilitoa BlazePose, programu inayoutazama mwili kupitia kamera na kutambua nukta 33: mabega, viwiko, nyonga, magoti, vifundo, hata ncha za miguu. Ikishapata nyonga, goti na kifundo, inaunganisha mistari miwili na kusoma pembe ya goti. Inafanya kazi ndani ya simu yenyewe, hata mahali pasipo mtandao. Inaweza kuhesabu marudio, ikamwambia mtu kwamba leo mkono umepanda juu kuliko juzi, na ikamtunzia mtaalamu rekodi.

Lakini msimamishe mama aliyejifunga kitenge mbele ya kamera hiyo. Goti halionekani; programu inakisia. Mwambie achuchumae, kama anavyochuchumaa chooni, jikoni au akipandikiza miche ya tumbaku: paja linafunika kiuno, goti moja linaficha jingine, na nukta zinaanza kurukaruka kwenye kioo. Programu za namna hii hufundishwa kwa picha nyingi sana, na hushindwa pale ambapo picha hazikufika.  Mgonjwa wangu anaanzia mkekani, na swali lake la kwanza huwa ni lini ataweza kwenda chooni bila kushikwa.

Sauti nayo ni tatizo. Kiswahili kitawafaa wengi, lakini yuko bibi wa Katumba anayeelewa Kirundi zaidi, na yuko mzee wa Kipimbwe. Na simu janja nyumbani mara nyingi ni ya kijana, ambaye asubuhi anaondoka nayo kwenda machimboni. Ndiyo maana napendekeza simu hiyo ikae mkononi mwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, apite nayo nyumba kwa nyumba chini ya usimamizi wa mtaalamu wa fiziotherapia. Mhudumu atarekodi na mashine itahesabu. Mtaalamu ndiye atakayeamua zoezi libadilike au la, kwa sababu kamera haisikii bega linapouma.

Na video ya mwili wa mgonjwa ni siri yake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ridhaa iombwe kwa lugha anayoielewa, na picha zisisafiri kwenda kampuni ya ng'ambo kwa sababu tu programu ilikuwa ya bure.

Ombi langu ni kwa halmashauri zetu tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika. Kabla hamjatenga shilingi moja ya mashine, tengeni nafasi za ajira za fiziotherapia. Chuo cha KCMC kule Moshi kimekuwa kikifundisha fani hii kwa miongo kadhaa, na Muhimbili nako inafundishwa. Kisha turuhusuni sisi watafiti turekodi, kwa ridhaa, watu wa Katavi wanavyochuchumaa, wanavyotwanga, wanavyojitwisha ndoo na wanavyoinuka kutoka mkekani, ili programu ifundishwe miili hii. Bajeti za halmashauri huandaliwa kila mwaka. Naomba ijayo isipite bila kifungu cha ajira hizo.