Kompyuta si Mashine ya Taipu



Ingia ofisi yoyote ya mjini utamkuta katibu muhtasi akipiga barua. Anaanza na anwani, anaandika "YAH:", kisha yale maneno yetu yasiyozeeka: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Kesho ataipiga sentensi hiyohiyo tena, herufi kwa herufi, na keshokutwa vilevile. Mbele yake ipo kompyuta ya fedha nyingi, naye anaitumia kama mashine ya taipu.

Sisemi hivi kwa kumcheka. Hakuna aliyemfundisha. Vyuo vyetu vingi vya mitaani hufundisha kuwasha, kuchapa, kuhifadhi na kuprinti, basi, cheti mkononi. Kile ambacho mashine hii inakiweza kuliko binadamu, yaani kurudia kazi ileile bila kuchoka, kinaachwa nje ya darasa.

Ipo programu iitwayo AutoHotkey, aliyoitoa Chris Mallett mwaka 2003. Ni ya kompyuta zenye Windows, na haiuzwi. Unaiagiza mara moja tu, kwa mstari mmoja, kwamba ukipiga herufi hks na kuacha nafasi, yenyewe iandike sentensi yote ile ya kichwa cha habari. Ndani ya Excel nako mna makro: unaiacha irekodi unavyopanga jedwali la mishahara mwezi huu, na mwezi ujao inapanga yenyewe.

Wakubwa wengine wataniuliza, karani akimaliza kazi saa nne asubuhi, atafanya nini mpaka jioni? Swali hilo hunikera kidogo. Atasoma alichokiandika! Atalitafuta jalada la yule mzee anayerudishwa kila siku aje kesho.

Lakini nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2020 huko Uingereza, watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na UVIKO-19 hawakuonekana katika hesabu za taifa kwa siku kadhaa. Utaratibu uliojiendesha wenyewe ulikuwa ukimimina matokeo ya maabara katika mafaili ya Excel ya aina ya zamani, ambayo hayapokei zaidi ya mistari 65,536. Faili likajaa, yaliyozidi yakabaki nje, na mashine haikupiga kelele. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao, ila watu waliokutana nao walichelewa kutafutwa, na ugonjwa haungoji.

Ndiyo maana napenda maagizo hayo ayaandike karani mwenyewe, anayejua mshahara wa nani ukiwa pungufu utaonekana wa ajabu. Msimwachie kijana wa kukodi atakayeondoka Ijumaa na siri zake. Na kila mwezi karani achukue majina kumi, ayahesabu kwa mkono, alinganishe.

Nanyi waajiri, mpeni katibu muhtasi wenu alasiri mbili za kujifunza. Mzihesabu kuwa ni saa za kazi.