Kwenda Ujiji na Watoto

Ndugu wazazi wenzangu wa Kibirizi,

Watoto wetu wanapenda kutembezwa Ujiji. Tuwapeleke, ila tujitayarishe.

Kwanza, maji. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, huku huku mkoani kwetu, kikaua watu. Basi, chemsha maji nyumbani, yaache yapoe, uyatie katika chupa safi. Wakishikwa na kiu njiani, wape hayo.

Pili, mtoto kupotea. Sokoni watu ni wengi, na mtoto mdogo akiulizwa kwao, hulia tu. Hapa ndipo kisomo chetu kinapofaa. Andika kwenye karatasi jina lake, jina lako, Kibirizi, na namba ya simu. Mtilie mfukoni. Atakayemwona atasoma, atakupigia.

Tatu, soma maandishi ya gari kabla hamjapanda.

Mkifika, wapeleke penye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana Ujiji mwaka 1871. Waambieni pia habari za wapagazi, waliobeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo. Hao nao ni wazee wetu.

Safari njema.