Choo Kikinuka, Watoto Hukikimbia

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo tutazungumza juu ya choo cha shimo na harufu yake.

Siku moja nilitembelea boma moja upande wa Nyamira. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa akiharisha. Choo kilikuwepo, tena chenye mabati mazuri, lakini kinyesi cha mtoto kilikuwa kwenye migomba. Nikamwuliza mama sababu. Akanijibu, "Dada, choo kile kinanuka hadi mtoto analia akiingizwa. Nimemwaga dawa za kila aina, wapi!" Mama huyo hakuwa mvivu. Hakuna mtu aliyekuwa amemweleza.

Sisi tunaishi kwenye vilima, na mvua yetu ni nyingi. Kinyesi kilichoachwa migombani husombwa na mvua mpaka kwenye chemchemi ya bonde, tunakochota maji. Nzi nao hutoka hapo wakatua kwenye uji wa mtoto. Hata kinyesi cha mtoto anayenyonya kina viini vya ugonjwa. Kitupe chooni.

Je, harufu hutoka wapi? Huzidi shimo likiwa na maji mengi na hewa ikikosa njia. Ndani ya shimo kuna vijidudu vinavyoozesha kinyesi na kukipunguza. Ukimwaga Jik au dawa kali shimoni, unaviua, na shimo hujaa upesi. Usichanganye kamwe Jik na dawa nyingine ya choo, kwa maana hutoa hewa ya sumu. Wala usimwage mafuta ya taa, yanaweza kuwaka moto.

Sasa fanya hivi:

Kwanza, weka kopo la majivu chooni. Kila anayejisaidia haja kubwa amwage konzi moja shimoni. Majivu hukausha na kupunguza harufu na nzi. Hakikisha yamepoa kabisa, yasichome sakafu.

Pili, safisha sakafu kila siku. Ya saruji, isugue kwa sabuni na maji kidogo. Ya udongo, ifagie, nyunyizia majivu palipolowa, na uikandike tena inapochimbika.

Tatu, maji ya kuoga na ya kufulia yasielekezwe shimoni. Chimba mfereji kuzunguka choo ili maji ya mvua yapite kando.

Nne, usitupe shimoni nepi za plastiki, karatasi za nailoni wala chupa. Haviozi, na hujaza shimo.

Tano, kama choo hakina bomba la hewa, funika tundu kwa kifuniko chenye mpini mrefu. Kama kina bomba, usifunike. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta harufu kutoka shimoni na kuitoa nje. Bomba lipite paa kwa nusu mita, na juu liwe na wavu. Ndani ya choo pawe na giza kiasi, ili nzi wa shimoni wafuate mwanga wa bomba na kunaswa kwenye wavu.

Kinyesi kikibakisha nusu mita kufikia sakafu, acha kukitumia choo hicho, fukia shimo kwa udongo na uchimbe lingine.

Mwisho, tundika mtungi uliotobolewa na sabuni karibu na mlango. Kila mtu anawe mikono akitoka chooni, nawe mama unawe baada ya kumpangusa mtoto.

Mama niliyemtembelea alianza na kopo la majivu tu. Niliporudi, mtoto alikuwa akienda chooni mwenyewe, dada yake akimshika mkono asiteleze. Nawe anza leo, jivu liko jikoni kwako. Na mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati, na umpeleke akaonwe bila kuchelewa.

Hadi tutakapokutana tena, kwaherini.