Besi Ibebe Wimbo, Isiufunike
Mazungumzo kwa wanakwaya na washirika, Kasikeu, katika sherehe ya yubile ya kwaya

 

Nimepewa dakika chache nizungumze juu ya chombo ambacho kamati inakusudia kununua kwa sadaka za yubile hii, yaani amplifaya ya besi. Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya vijana wa vyombo. Lakini pesa ni za kanisa zima. Yuko aliyeuza kuku na yuko aliyeuza ndengu ili atoe sehemu yake. Kwa hiyo tuelewane sote tunatafuta nini.

Neno langu ni moja: amplifaya nzuri ni ile inayoacha maneno ya wimbo yasikike. Kutikisa mabati si kipimo.

Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake moja lina urefu wa zaidi ya mita 8. Sauti ya namna hiyo haikai mahali pamoja. Hupita ukutani, hutetemesha mabati na kurudi tena. Ikizidi, wa kwanza kufunikwa ni wanaume wetu wanaoimba besi, kisha teno, na mwishowe mama aliyeketi benchi la nyuma anasikia mvumo tu, hasikii Neno.

Sasa tuje dukani. Jambo la kwanza mtakaloonyeshwa ni wati. Msikubali namba kubwa iliyoandikwa usoni mwa chombo. Ulizeni: ni wati ngapi inazoweza kutoa mfululizo, wimbo mzima, bila kukwaruza? Tena mjue kwamba kutoka wati 100 hadi 200 sikio husikia tofauti ndogo tu. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili, wati zinahitaji kuongezeka kama mara kumi. Basi msilipe bei maradufu kwa tofauti hiyo ndogo. Kwa kanisa kama letu, lenye ngoma na vipaza sauti, wati 200 hadi 300 za kweli, pamoja na spika moja ya inchi 15 au mbili za inchi 10, zinatosha kabisa.

La pili ni omu. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa mzigo wa omu 4. Kama amplifaya imeandikwa kwamba mwisho wake ni omu 4, hapo mmefika. Mkiongeza spika ya tatu kwa sababu kuna harusi kubwa, mtaiunguza.

La tatu ni mahali pa kuiweka. Spika ikisukumwa kwenye pembe ya kanisa, besi huongezeka yenyewe bila shilingi moja. Ikiwa inavuma mno, ivuteni mbele kabla ya kugusa vifungo. Ikiwa jukwaa ni la mbao na lina uwazi chini, iinueni juu ya kiti imara, la sivyo jukwaa lote litakuwa ngoma.

Nje ni habari nyingine. Kwenye mazishi na mikutano ya hema hakuna kuta za kurudisha sauti, na besi hupotea. Vijana hufungua amplifaya hadi mwisho, inaanza kukwaruza. Afadhali kununua ile yenye tundu la kupeleka sauti ya besi kwenye mikisa, ili spika kubwa zisaidie, na amplifaya ibaki ya kumsikilizisha mpigaji na waimbaji.

Kuna vijana walioniuliza kuhusu besi ya kusimama, ile inayofanana na fidla kubwa. Zanzibar inajulikana sana katika taarabu. Kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, na Culture Musical Club huitumia, na mpigaji huinyonyoa nyuzi kwa vidole. Siku tukiipata, tujue mahitaji yake ni tofauti. Kinasa kinachobandikwa kwenye daraja la nyuzi kwa kawaida kinataka amplifaya yenye mlango wa omu milioni 1 au zaidi. Kikichomekwa kwenye mlango wenye omu chache kuliko hizo, huenda sauti ikawa nyembamba na kavu. Pia tumbo la besi ni sanduku tupu. Hupokea sauti ya spika na kuirudisha, na papo hapo unaanza mlio usiokoma. Dawa yake ni kuiweka spika isielekee besi, kukata mitetemo ya chini ya 40 hivi, na kutumia kifungo cha kugeuza mwelekeo wa wimbi. Kwa hiyo tukinunua sasa amplifaya yenye mlango huo na kifungo hicho, itatufaa kwa vyombo vyote viwili.

Jambo la mwisho ni uhai. Umeme wetu ni volti 240. Vyombo vikivuma, wako wanaokata au kutotumia mguu wa tatu wa plagi, ule wa ardhi. Msifanye hivyo kamwe! Mpigaji ameshika nyuzi za chuma, mdomo wake unagusa kipaza sauti, nyasi zina umande, jenereta iko nje. Hitilafu moja inaweza kumuua. Mvumo una fundi wake, aitwe.

Kabla ya kulipa, nashauri watu watatu waende: mpigaji wa besi na gitaa lake mwenyewe, mwalimu wa kwaya, na mzee mmoja asiyepiga chombo chochote. Kama mwenye duka anakubali, chombo kijaribiwe hapa kanisani, kwaya yote ikiimba, na huyo mzee aketi benchi la nyuma. Akiweza kutuambia maneno ya ubeti wa pili, tulipe. Asipoweza, kirudi.

Yubile njema, na Mungu aendelee kuilinda kwaya hii.